Sehemu ya Mchungaji

Sauti ile niliitambua kabla sijajiuliza imetoka wapi, na hilo ndilo lililonitisha. Ilikuwa milio mingi, myembamba, mikali, kama vijiko vya chai vinavyotikiswa ndani ya ndoo, ikipanda pamoja, ikikatika pamoja, kisha ikianza upya. Nilikuwa nimezoea kuisikia porini, upande wa Magu, kutoka kwenye makuti makavu ya mivumo, ile miti mirefu jamii ya mnazi. Asubuhi hiyo, saa tatu, nilikuwa Buzuruga, pembezoni mwa mji, nimechutama uani nikifua soksi, na hakukuwa na mvumo hata mmoja kati yangu na stendi.

Mama mwenye nyumba alikuwa anapepeta mchele kibarazani.

"Shikamoo, mama. Ile sauti ni ya nini?"

"Marahaba. Ya nyumba ya geti jeusi. Wanasema ni kuku wa Kizungu." Alipuliza pumba. "Mwezi uliopita walikuwa wanakausha mabondo ya sangara humo humo, tukala harufu. Sasa kelele. Siku hizi kila kitu kina mnunuzi. Ukisinzia hapa barazani utaamka uko kwenye katoni."

"Si kuku hao, mama."

"Basi nenda, wewe si ndiye msomi wa ndege? Kawaulize kabila lao."

Nilikwenda na povu mikononi. Geti jeusi lilikuwa limeegeshwa tu. Ndani ya ua, chini ya turubai, yalipangwa makreti yaliyotengenezwa kwa mbao za maboksi ya sabuni na kuzibwa kwa waya wa madirisha, na ndani ya kila kreti ndege walikuwa wamebanana hata wa chini hawakuweza kugeuza kichwa. Walikuwa wale wale kasuku wadogo niliokuwa nikiwafanyia utafiti wa shahada yangu ya uzamili: mwili wa kijani, uso na shingo rangi ya chungwa lililoiva, mdomo mwekundu, mduara mweupe kuzunguka jicho. Nilitazama miguu, kwa mazoea. Nyekundu juu ya nyeupe, mguu wa kushoto. Pete zile zilikuwa zangu. Nilizifahamu kama mtu anavyofahamu majina ya ndugu zake, na ndege aliyezivaa nilimfahamu pia. Katika daftari langu, ndege huyo alikuwa amekufa miezi sita iliyopita.

Kwenye meza, akimtoa ndege mwingine ndani ya mfuko mdogo wa kitambaa na kusoma mizani ya mkononi, alikuwa mzee wangu, yaani msaidizi wangu wa utafiti. Aliniona, akatabasamu kwa furaha ya kweli.

"Ee, binti. Umefika kabla sijakuita."

*

Mzee yule alikuwa mpima pamba. Kwa miaka mingi alisimama mlangoni mwa ghala la chama cha ushirika huko Magu, akisoma mizani kwa sauti ili mkulima aliye mwisho wa foleni asikie. Wanunuzi binafsi walipoanza kuja na mizani yao wenyewe, chama kikakosa pamba, ghala likafungwa, na mizani yake ikafungiwa humo. Nilipofika kutafuta mtu anayeijua nchi ile na anayeweza kupima kitu chepesi bila kukiponda, kila niliyemuuliza alinielekeza kwake.

Alikuwa na subira ambayo mimi sikuwa nayo. Alijua ni mvumo upi wenye shimo, ni kipanga yupi anapita saa ngapi, ni shamba gani la mtama litaiva kwanza. Mimi nilichokuwa nacho ni kitabu.

Kile kitabu cha kutambulia ndege nilipewa na profesa wangu siku niliyokubaliwa kusoma kwake, na sijui namna ya kueleza nilivyokipenda bila kuonekana mpumbavu. Nilikua kando ya ziwa, upande wa Mara, katika nyumba ambamo kila jambo lilikuwa na maelezo mawili, ya mchungaji wa kanisa na ya bibi, na mtoto hakuruhusiwa kuuliza yapi ni ya kweli. Kitabu kiliniahidi kinyume chake. Kila kiumbe kilikuwa na jina moja na ukurasa mmoja. Vishale vidogo vilichomoza pembeni ya michoro na kuonyesha mahali pa kutazama: ukucha, nyusi, ukingo wa bawa. Chini yake yaliandikwa majina ya ndege wanaofanana naye na jinsi ya kutokosea. Nilichokisoma humo, ingawa hakikuandikwa popote, ni kwamba dunia haina utata. Anayekosea amekosea kwa sababu hakutazama vizuri. Baadaye, katika chumba cha makumbusho chenye harufu ya dawa ya nondo, niliona wanakotoka ndege wa vitabuni: wamelazwa chali ndani ya droo, ngozi zimejazwa pamba, miguu imefungwa vikaratasi. Mchoraji huwatazama hao, kisha huwasimamisha juu ya tawi. Hata hilo halikunipunguzia mapenzi. Nilivutiwa na unadhifu wake.

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na mzee hakukisoma. Alisoma vishale. Nilimfundisha hivi: ndege akitua, namfungulia kurasa mbili, naye aweke kidole. Akipatia, nageuza ukurasa. Akikosea, nafunga kitabu bila kusema neno, tunaendelea kutembea, naye anabaki na kosa lake mpaka ndege mwingine atue. Niliiita njia hiyo nidhamu. Siku profesa alipotutembelea, mzee aliwekea kidole mnana asiye sahihi, kati ya aina za mnana ambazo hata wataalamu huzibishania, nami nikasema, "Mzee wetu kapima pamba maisha yake yote, kwake kila chepesi ni pamba." Profesa alicheka. Mzee alicheka pia, wa mwisho kati yetu.

Siku ya kwanza kumwonyesha vishale aliuliza vina kazi gani, nikamwambia vinaonyesha pa kumtambulia ndege.

"Kama sikio la ng'ombe," alisema. "Huyu kakatwa ncha, yule katobolewa. Ukiona sikio unajua wa nani."

Nilifurahishwa na ulinganisho huo. Niliuandika kwenye daftari.

Kisha tulianza kuwavisha pete. Tuliwanasa kwa nyavu nyembamba, tukawapima ndani ya mifuko ya kitambaa, tukawafunga mguuni pete ya aluminiamu yenye namba, na juu yake pete za plastiki za rangi, ili kila ndege atambulike kwa darubini bila kushikwa tena. Lengo lilikuwa rahisi: kujua nani yuko hai, nani kapotea, na wanaishi muda gani. Lilikuwa rahisi kiasi kwamba sikumweleza. Nilimfundisha kushika koleo, kuziba pete pasipo kubana mfupa, kumwachia ndege akitazama upepo. Yale ya kwa nini niliyaacha kwa ajili ya tasnifu.

Yeye ndiye aliyeuliza. Alikuwa amemshika ndege aliyevishwa pete tayari, kichwa kimechomoza kati ya vidole viwili.

"Sasa huyu, akishavaa hii, ni wako?"

"Ni wangu, mzee."

Sikusema uongo. Watafiti wote tunasema hivyo: ndege wangu, nyani wangu, mbuyu wangu. Alitikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilolitegemea, akafungua vidole.

Wakati wa chakula alinieleza jambo ambalo kwao ni la kawaida kiasi cha kutohitaji kuelezwa. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote katika zizi moja. Huwagawa kwa rafiki na jamaa, hawa watatu huku, wale watano kule, ili ugonjwa au wezi wasimmalize kwa siku moja. Anayepokea huwachunga kama wake. Hunywa maziwa yao, hutumia samadi yao, na hana ruhusa ya kumgusa hata mmoja. Lakini miaka ikitimia na kundi likizaa, mwenyewe humpa mtamba mmoja awe wake, na kama mwenyewe ni msahaulifu mchungaji humkumbusha kwa adabu. Hilo pia niliandika. Nilikusudia kulitia kwenye ukurasa wa shukrani.

Na alinikumbusha, kwa adabu. Ilikuwa alasiri, nimekaa juu ya jiwe na kitabu mapajani, ninahangaika na ndege mdogo wa kahawia aliyefanana na wengine tisa.

"Binti, mwaka wa pili umetimia," alisema. "Ndege wamezaa vizuri. Nitachukua sehemu yangu."

"Chukua, mzee," nilisema. Sikuinua macho. Nilidhani ni mzaha wake wa ng'ombe, nami nikataka kuuongezea. "Chukua na dume la mbegu."

Jioni niliyaandika maneno yote mawili, lake na langu, kwa mwandiko wangu ulionyooka, pamoja na tarehe, kwa sababu yalikuwa yamenichekesha.

*

Kwa hiyo pale uani Buzuruga, mzee hakuwa na la kuficha. Alinisogezea kigoda.

"Huyu," nilisema, nikionyesha nyekundu juu ya nyeupe, "huyu alikufa."

"Nani kasema? Ni tasa huyo. Misimu miwili hajataga, anakalia shimo la wenziwe tu. Nimemtoa." Alinitazama kwa wasiwasi kidogo, kama mtu anayeogopa mwenye mali hatakubali hesabu ya mifugo. "Wenye pete ya bluu sijawagusa hata mmoja. Wale ndio mama wa zizi. Nimechukua watoto, na tasa, na madume ya ziada. Watoto nimewavisha pete kwanza, mwenyewe, zile siku ulipokuwa na malaria. Asiye na pete sikumchukua. Huyo hana mwenyewe, ningekuwa nimeiba."

"Nani kakuambia unaweza kuwauza?"

"Mnunuzi kasema ndege wa porini anataka kibali, wa pete hataki. Wa pete kafugwa. Nikamwambia hao wote wana mwenyewe, ni wa binti wa chuo kikuu, na mimi ndiye mchungaji. Ijumaa wanaondoka na ndege ya mizigo, ile ya minofu ya samaki." Alinyoosha kidole kwenye kreti la pembeni. "Nimekutengea na wewe. Siwezi kuchukua bila kukutengea."

Wanaume wawili waliokuwa wakigongomelea kreti la mwisho waliacha kugonga ili wasikie.

Ninajua nilichopaswa kusema. Nilipaswa kusema: mzee, kosa ni langu, sikukueleza, tufungue makreti haya. Ilikuwa Jumatano. Mlango ulikuwa wazi, na wale wa juu bado walikuwa na nguvu ya kuruka. Badala yake, kilichonipanda kooni ni neno "tasa". Mtu asiyejua kusoma kile kitabu alimjua ndege wangu kuliko mimi. Alikuwa amemwona kila siku, hai, huku mimi nikimweka kwenye safu ya waliokufa na kuchora mstari kutokana na kifo chake.

"Wewe ni mwizi," nilimwambia.

Hakukasirika. Alimrudisha ndege ndani ya mfuko, akavuta kamba, akaning'iniza mfuko kwenye ndoano ya mizani, akasoma.

"Mwizi hangoji mwaka wa pili, binti," alisema.

Mmoja wa wagongomeleaji alicheka. "Mzee, mwenye zizi kakukana."

Nikaondoka.

*

Mchana ule wote nilikaa na madaftari yangu. Kila ndege ambaye hakuonekana kwa muda niliouweka mwenyewe nilikuwa nimemhesabu kuwa amekufa. Kutokana na hao nilikuwa nimeandika sura nzima juu ya vifo, na sura hiyo profesa alikuwa ameisoma na kuniandikia barua. Aliandika kwamba ilikuwa kazi bora kuliko zote alizopata kutoka kwa mwanafunzi wake, na kwamba amekwisha kunipendekeza niendelee na shahada ya uzamivu. Barua hiyo niliiweka ndani ya kitabu, kwenye ukurasa wa kasuku. Sasa wafu wangu walikuwa hai, nyumba ya tatu kutoka kwangu, wakipiga kelele. Nilizisikia kupitia dirisha huku nikilinganisha namba. Nilijiambia kwamba siwezi kuchukua hatua kabla ya kuwa na orodha kamili. Nilichora jedwali. Lilikuwa jedwali zuri.

Alhamisi majirani walilalamika kuhusu harufu, wakidhani ni kuku wanaokufa kwa kideri, na maofisa wakaja. Mnunuzi hakuwepo, wala hakuonekana tena Buzuruga. Wagongomeleaji walikimbia. Mzee alibaki kwenye meza yake, kwa kuwa hakujua kosa lake ni lipi. Alichukuliwa mahabusu, na makreti yakachukuliwa kuwa vielelezo.

Alasiri afisa wanyamapori alikuja chumbani kwangu kwa sababu ya pete. Alikuwa kijana wa rika langu, mstaarabu, kalamu mbili mfukoni. Mama mwenye nyumba alimletea kiti na kubaki mlangoni.

"Dada, mzee wako anaongea kama mtu anayegawa urithi," alisema. "Anasema ndege ni wako, yeye ni mchungaji, na wewe mwenyewe ulimwambia achukue. Ni kweli?"

Daftari lilikuwa mezani, kati yetu, limefungwa.

"Ndege wa porini ni mali ya taifa," nilisema. "Sikuwa na ndege wa kumpa mtu."

"Kwa hiyo hukumpa."

"Mtu hawezi kutoa kisichokuwa chake."

Aliinua kalamu. "Wasomi mkijibu, mtu haelewi kaambiwa nini. Hapa kuna mistari miwili tu. Niandike 'Hapana'?"

Nilifikiri. Nadhani sijawahi kufikiri haraka na kwa usahihi kama wakati ule. Nilitenganisha kutoa na kuruhusu, ruhusa na mzaha, sehemu ya ndege na uuzaji wa ndege. Nikaona kwamba kwa maana finyu ya swali, jibu lile lilistahimili.

"Andika," nilisema, na nikasaini.

Alipoondoka, mama mwenye nyumba alichukua kiti chake. "Umejibu vizuri," alisema. "Kama mwanasheria." Hakuwa ananisifu.

Nilichukua wembe, nikakata ule ukurasa wa maneno mawili karibu kabisa na mshono, mtu asigundue. Sikuweza kuuchana. Mtafiti hachani kumbukumbu. Niliuweka ndani ya kitabu, pamoja na barua ya profesa.

*

Vielelezo haviachiwi kabla ya kesi. Makreti yalipangwa kwenye veranda ya ofisi ya wanyamapori, na afisa alinitumia barua fupi kuuliza wanakula nini. Nilimjibu kwa maandishi: mtama, maji mara mbili kwa siku, kivuli, wasizidi kumi katika kreti. Makreti mapya hayakuwepo. Mara mbili nilitembea mpaka getini kwao. Mara ya kwanza nilisikia kelele kutoka barabarani, nikageuka. Mara ya pili ilinibidi nisimame ili nisikie, nikageuka tena.

Nilikuwa nikijieleza mambo. Kwamba kesi ikifika mahakamani ukweli utajitokeza wenyewe. Kwamba mzee atapewa onyo. Kwamba nikiutoa ukurasa, madaftari yote yatachukuliwa, sura ya vifo itasomwa na watu wanaojua kuhesabu, na hakuna atakayeokoka, si mimi wala yeye. Kwa hiyo hata kwa faida yake ni heri kunyamaza. Hoja hii niliipenda hasa, kwa kuwa ilikuwa na umbo la huruma.

Wiki ya tatu mke wa mzee alikuja kutoka Magu. Alikuwa amefunga kitambaa cheupe kichwani kama anayetoka ibadani, ameshika viatu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alikaa mkekani, akanyoosha miguu. "Natoka kumwona. Anakusalimu."

Nilimletea maji.

"Anauliza wale wa pete ya bluu kama wametaga. Na kasema usiende peke yako kwenye mvumo wa tatu. Nyuki wamehamia kwenye lile shimo la chini."

"Hakusema lingine?"

"Hakusema. Yeye anasema mwenye mali akikasirika, mchungaji hungoja." Alivaa kiatu kimoja. "Lakini mimi si mchungaji wako. Mimi nina swali. Ulimwambia achukue, au hukumwambia?"

Nilimweleza. Nilimweleza kwa upole, kwa mpangilio, tangu mwanzo: pete ni nini, utafiti ni nini, tofauti ya umiliki wa kisheria na usemi wa kikazi, jinsi mtu anavyoweza kutamka neno katika hali ya mzaha bila kukusudia matokeo yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na subira ya mumewe.

"Nimeuliza swali la neno moja, mwanangu," alisema. Akavaa kiatu cha pili. Mlangoni alisimama. "Alikuwa anatuonyesha kile kitabu chako, siku ulizomwachia aje nacho nyumbani. Anaweka kidole, anatuambia, yule binti hakosei. Akikwambia ni huyu, ni huyu."

Alikwenda stendi kwa miguu.

Nilikaa pale pale mkekani. Kisha nilifungua kitabu kwenye ukurasa wa kasuku, nikatoa ule ukurasa wa daftari. Upande mmoja wa meza, ndege aliyesimama juu ya tawi lake, safi, mshale ukielekea mduara wa jicho. Upande mwingine, mwandiko wangu: *Chukua, mzee. Chukua na dume la mbegu.* Nilitafuta kosa la utambuzi. Nilitafuta kama anavyotafuta mtu aliyefundishwa: kile kinachofanana nacho, mahali pa kutokosea. Hakukuwa na kinachofanana nacho. Ilikuwa ruhusa, ya mtu mmoja kwa mwingine, mchana kweupe, na walioisikia walikuwa wawili tu.

Kwenda ofisini kwa miguu nisingeweza. Hilo nilikuwa nimekwisha kulithibitisha mara mbili. Nilikwenda posta, mjini, nikapanga foleni ya simu nyuma ya mtu aliyekuwa akimpigia kelele mtu mwingine wa Dar es Salaam kuhusu barafu ya samaki. Zamu yangu ilipofika nilimsomea karani namba kutoka kwenye kikaratasi, ingawa niliijua kwa moyo. Aliniashiria kibanda cha pili.

Iliita mara nyingi. Afisa alipopokea, nilimtambua kwa pumzi kabla hajasema jina la ofisi, na nyuma yake, kupitia mlango ambao lazima ulikuwa wazi kuelekea veranda, nikaisikia tena ile sauti.

Nimefundishwa kuhesabu kwa sikio. Unafumba macho, unatenganisha mlio na mlio, kila mmoja na mahali pake. Nilifumba macho kibandani. Hakukuwa na wa kumtenganisha na mwingine. Alikuwa mmoja tu, akitoa ule mlio mfupi wanaoutoa wakipotezana na kundi, akinyamaza kwa muda ule ule ambao wenziwe wangehitaji kujibu, kisha akitoa tena.

"Haloo?" alisema afisa. "Nani mwenzangu?"

Nilijitaja.

"Aa, dada. Nilijua ungepiga. Mtama tulinunua, lakini ndiyo hivyo. Kuhusu mzee, kesi inatajwa keshokutwa. Maelezo yako ndiyo yanayombana, mengine ni maneno tu." Niliusikia mguu wa kiti ukiburuzwa. "Ulitaka kuuliza nini?"

"Siulizi," nilisema. "Maelezo yangu si ya kweli. Nilimwambia ndege ni wangu. Nilimwambia achukue. Niliandika siku ile ile, na ukurasa nilioukata ninao hapa mkononi."

Yule ndege aliita.

"Ngoja nichukue kalamu," alisema afisa, na sauti yake haikuwa tena ya mtu wa rika langu. "Rudia. Polepole, na safari hii usinieleze. Sema tu."

Nikarudia.